Tusimwogope Tropius, Tuogope Kusahau Majina



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa la kitoto. Nazungumza juu ya mnyama asiyekuwako. Jina lake ni Tropius. Hana damu wala mifupa, wala hajapata kukanyaga mchanga wa Unguja. Hata hivyo jina lake limefika katika mazungumzo ya wazazi wetu, na kwa baadhi yao limefika pamoja na hofu kubwa. Hofu hiyo ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Kwa asiyemfahamu, Tropius ni mmoja kati ya viumbe zaidi ya 1,000 wa mchezo wa Kijapani uitwao Pokémon, ambamo mchezaji huzunguka huku na huko akiwakamata viumbe wa ajabu, akiwafuga na kuwashindanisha. Alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 2002, katika matoleo yaliyoitwa Ruby na Sapphire. Umbo lake ni kama la mjusi mkubwa wa zama za kale mwenye shingo ndefu; kwa mujibu wa watungaji wake, ana kimo cha mita 2 na uzito wa kilo 100. Mgongoni ana majani mapana mfano wa majani ya mgomba, naye huyapigapiga kama mbawa akaruka. Shingoni pake huning'inia matunda ya manjano yanayofanana kabisa na chane ya ndizi. Watungaji wanasimulia kwamba alipenda matunda mno, akayala bila kukoma, hata yakamwota shingoni; kwamba huzaa mara mbili kwa mwaka; na kwamba watoto wa nchi za joto huyachuma na kuyala.

Tena mnyama huyu amepewa sisi. Mchezo wa simu wa Pokémon GO ulipozinduliwa mwaka 2016, baadhi ya viumbe waligawiwa mabara: Kangaskhan akapewa Australia, Tauros Amerika ya Kaskazini, Mr. Mime Ulaya. Tropius alipoingizwa humo mwishoni mwa mwaka 2017, aligawiwa Afrika pamoja na pande chache zilizo jirani. Ukiacha matukio maalumu, mchezaji wa Berlin au Tokyo anayemtamani hana budi kusafiri, au kubadilishana na mtu aliyesafiri. Basi mgeni mnayemwona Forodhani ameinamia simu yake, huenda hatafuti njia ya kwenda Ngome Kongwe. Huenda anamtafuta mnyama wa ndizi.

Sasa sikilizeni mashitaka. Wazazi wananiambia wameambiwa kwamba kiumbe huyu ni pepo. Sababu zinazotajwa ni hizi: kwamba ni nusu mnyama na nusu mmea, yaani maumbile yaliyochanganywa, kwamba huruka, kwamba hukaa mahali asipoonekana kwa macho, hata simu imfichue, na kwamba viumbe wenzake hugeuka kutoka umbo hili kwenda umbo lile. Wapo waliochoma kadi za watoto wao. Wapo walioniletea simu ili niinyunyizie maji ya baraka, pepo atoke. Nami nasema wazi, kwa upendo lakini bila kuzunguka: mashitaka hayo si ya kweli, na ubaya wake ni kwamba yanatusahaulisha shitaka lililo la kweli.

Kwanza, kuhusu maumbile yaliyochanganywa. Tangu lini kiumbe wa kubuni akawa roho mchafu? Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika sura ya nane ya waraka wake wa kwanza, aliwafundisha watu walioogopa nyama iliyotolewa kwa sanamu kwamba sanamu si kitu. Kama sanamu iliyosujudiwa kwa ubani na sadaka si kitu, picha ya mjusi mwenye ndizi shingoni, ambayo hakuna mtoto hata mmoja anayeisujudia, itakuwaje kitu? Nabii Ezekieli na nabii Danieli waliona katika maono wanyama waliochanganyika kuliko Tropius, wenye nyuso nne na mabawa ya tai, wala hatujapata kuichana kurasa hiyo ya Biblia. Na nyumbani kwetu, ni nani asiyelala akiwa mtoto kwa hadithi za Sungura anayesema na Fisi anayedanganywa? Mnyama asemaye ni maumbile yaliyochanganywa. Mbona hatujamchoma Sungura?

Pili, kuhusu kugeuka umbo. Mwanzilishi wa mchezo huu, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa jiji la Tokyo. Alipokuwa mtoto alipenda kukusanya wadudu katika mashamba ya mpunga na madimbwi ya kwao. Mji ukapanuka, madimbwi yakafukiwa, mashamba yakawa majumba, na watoto waliomfuata hawakuwa tena na mahali pa kukamata mdudu. Alitunga mchezo wake, uliotoka mwaka 1996, ili watoto hao waonje japo kivuli cha furaha aliyoipata yeye. Anayejua hayo hashangai kuona viumbe wakigeuka umbo. Kiwavi hugeuka kipepeo. Kiluwiluwi hugeuka chura. Ni Mwenyezi Mungu aliyetangulia kubuni jambo hilo.

Tatu, tujifunze kutokana na wale waliokwisha kuhukumu kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahubiri kadhaa wa Kikristo huko Marekani waliutangaza mchezo huu kuwa mlango wa shetani. Mwaka 2000 televisheni ya Sat2000, iliyokuwa ya Kanisa la Italia, ilisema kinyume chake, ikausifu kwa kuamsha ubunifu na urafiki. Mwaka 2001 mamlaka ya kidini ya Saudia iliupiga marufuku, ikitaja pamoja na mambo mengine kwamba unafanana na kamari. Na mwaka 2025 michezo ya kampuni ya Niantic, Pokémon GO ukiwemo, ilinunuliwa kwa dola bilioni 3.5 na kampuni ya Scopely, ambayo tangu mwaka 2023 inamilikiwa na kundi la Savvy, lililo chini ya mfuko wa uwekezaji wa taifa la Saudia. Sisemi haya kwa kuwacheka majirani zetu Waislamu, ambao tunaishi nao mlango kwa mlango; Wakristo walisema makali zaidi. Nayasema ili tuone kwamba hukumu ya haraka huzeeka haraka.

Aidha, katika hukumu ile ya mwaka 2001 kulikuwa na neno moja lenye uzito: neno la kamari. Mchezo unaomvuta mtu alipe fedha ili ajaribu bahati yake unastahili kuchunguzwa na mzazi. Lakini jiulizeni: vijana wetu wangapi wameshindwa kulipa ada kwa ajili ya Tropius, na wangapi kwa ajili ya kubeti mpira kwa simu? Juu ya kubeti tunanong'ona. Juu ya mnyama wa ndizi tunapiga kelele. Ni rahisi kumkemea asiyeweza kujibu.

Ndugu zangu, sisi wa visiwa hivi tulipaswa kuwa watu wa mwisho duniani kuchezea hofu ya kiumbe arukaye. Popobawa tunamjua. Wazee husimulia kwamba uvumi wake ulianzia Pemba mwaka 1965. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, uliibuka tena Pemba, ukavuka bahari hadi Unguja, na kutoka hapa ukafika pwani ya bara. Watu wazima walikesha nje ya nyumba zao, wamekusanyika kuzunguka moto, kwa kuogopa kulala vitandani. Na katika siku hizo, mjini Unguja, mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa na kundi la watu mpaka akafa. Popobawa hakumwua mtu huyo. Walimwua majirani wenye hofu, watu wanaosali kama mimi na wewe. Kwa hiyo anayesimama mbele ya watu na kutangaza kwamba pepo arukaye amejificha katika simu ya mtoto, na ajue anacheza na kiberiti ndani ya nyumba ya makuti.

Hofu hiyo humdhuru hata asiye binadamu. Pemba wako popo wakubwa wasiopatikana mahali pengine popote duniani, ambao wataalamu huwaita Pteropus voeltzkowi. Mabawa yao yakitandazwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Hawanyonyi damu ya mtu. Hula matunda, na kwa kula kwao huzitawanya mbegu, kwa hiyo ni wapanda miti wa Mungu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki mamia machache, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Kilichowaokoa ni wanakijiji, kama wale wa Kidike, waliojipanga kuwalinda baada ya kufundishwa ni viumbe wa namna gani. Leo wamerudi kuhesabiwa kwa maelfu mengi. Vivyo hivyo kima wetu mwekundu. Watu walimwita kima punju, yaani kima mwenye sumu, wakaamini kwamba mti anaoula hufa. Leo msitu wa Jozani, uliofanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, huwapokea wageni wanaokuja kumtazama kima huyo huyo.

Sasa nafika kwenye shitaka la kweli, na anayeshitakiwa si Tropius. Ni sisi.

Mwaka 2002 mtafiti Andrew Balmford wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto wa shule za Uingereza. Waliwaonyesha kadi za picha: nyingine za viumbe wa Pokémon, nyingine za mimea na wanyama wa nchi yao. Watoto wa miaka 8 waliwatambua takriban asilimia 80 ya viumbe wa Pokémon, lakini hawakufikia nusu ya viumbe wa kweli waliozaliwa nao katika ardhi moja. Watafiti hawakusema kwamba mchezo una pepo. Walisema kwamba mtoto ana uwezo mkubwa mno wa kujifunza majina, na kwamba wapenzi wa maumbile wameshindwa kuutumia, ilhali wauza michezo wameuweza.

Fanyeni jaribio hilo nyumbani kwenu jioni ya leo. Mpeni mtoto picha ya Tropius, atawaambia jina, uzito na nguvu zake. Kisha mpeni ndizi tano kutoka soko la Darajani: mkono wa tembo, mzuzu, bokoboko, kisukari na pukusa. Muulizeni ni ipi ya kupika kwa nazi, ni ipi ya kukaanga, ni ipi ya kula mbichi iivapo. Wengi watajibu kwamba zote ni ndizi. Na kabla hamjamcheka, jiulizeni kama ninyi wenyewe mnazijua, au mnamtegemea muuzaji.

Hili si jambo dogo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, Mungu aliwaleta wanyama mbele ya mwanadamu ili aone atawaitaje. Na jina alilokiita kila kiumbe hai, ndilo likawa jina lake. Hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza za mwanadamu, kabla ya kushona nguo, kabla ya kujenga mji. Kutaja jina ni kukiri kwamba kiumbe huyu yuko, ni tofauti na yule, na mimi nina wajibu kwake. Mtoto anayekariri majina ya viumbe 1,000 anafanya kazi ya Adamu. Kosa si lake kwamba tumemwachia bustani ya karatasi na kioo cha simu peke yake.

Tena lugha yetu haikuwa masikini katika jambo hili. Wanaotuambia kwamba Tropius na wenzake wanavutia kwa sababu wengine wana hatua na kila hatua ina jina, hawajaketi chini ya mnazi na bibi zao. Kidaka kikakua kikawa kitale. Kitale kikawa dafu. Dafu likawa koroma. Koroma likawa nazi. Hatua tano, majina matano, kila moja na matumizi yake, na hakuna aliyelipia bando kuzijua. Mpunga ukikobolewa ni mchele. Mchele ukipikwa ni wali. Mzaa embe tunamwita mwembe, mzaa chungwa mchungwa, lakini mzaa ndizi wahenga hawakumwita mndizi. Walimpa jina lake, mgomba. Na walipompa jina la peke yake hawakukosea, kwa maana wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba mgomba kwa hakika si mti, bali ni mmea mkubwa wa jamii ya majani, na kile tunachokiona kuwa shina ni majani yaliyojiviringisha yakasimama.

Urithi huu unapotea mikononi mwetu. Kila siku magari hupeleka wageni Kizimbani na Kindichi, nao hulipa fedha ili waonyeshwe mdalasini, iliki, kungumanga na pilipili manga ikitambaa juu ya mti. Wanarudi Ulaya wakiyajua majina hayo. Mtoto wa Shangani au Malindi, aliyezaliwa umbali wa mwendo mfupi wa daladala, huenda hajapata kuona mkarafuu ulioipa nchi yake sifa. Tunawauzia wageni majina ambayo hatuwapi watoto wetu bure. Kisha tunashangaa kwamba mtoto ametafuta majina mengine mahali pengine! Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mtoto hakuuacha mbachao, hajatandikiwa.

Na asiyekijua kitu kwa jina hatajua siku kitakapotoweka. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa madoa meusi ya majani uliingia katika migomba ya visiwa hivi. Mgomba wa kulimwa hauna mbegu. Huendelea kwa chipukizi linalotolewa shina hadi shina, mkono hadi mkono. Maana yake ni kwamba aina moja ya ndizi ikikosa mtu mmoja wa kuitaka na kuipanda, imekwisha, wala hakuna upepo utakaoirudisha. Tropius amehifadhiwa salama katika mashine za matajiri. Hataangamia kwa kusahauliwa Unguja. Mkono wa tembo unaweza.

Najua mtaniuliza: “Padre, basi unawaruhusu watoto wapoteze muda katika mchezo huu?” Seminarini tulifundishwa msemo wa Kilatini, abusus non tollit usum, maana yake matumizi mabaya ya kitu hayaondoi matumizi yake mema. Mzazi na aweke mipaka: muda maalumu, baada ya kazi za shule na za nyumbani, hakuna senti inayolipwa bila idhini, hakuna kukamata mnyama yeyote barabarani penye vyombo vya moto, wala misikitini, makanisani na makaburini, kwa heshima ya wanaosali na waliolala. Anayevunja mipaka hiyo anyang'anywe simu, bila kusingizia pepo. Mtume Paulo, katika sura ile ile niliyoitaja, alituonya pia tusimkwaze ndugu aliye dhaifu. Kwa hiyo mtoto anayecheza asimdhihaki mwenzake ambaye wazazi wake wamekataa. Amani ya jirani ina thamani kuliko mnyama wa karatasi.

Baada ya mipaka, tuweke badala. Nawaomba familia zote za parokia, na yeyote mwingine anayesoma maneno haya, wafanye mambo matatu. La kwanza: kila mzee mwenye shamba Dole, Machui, Kitope au kwingineko, amwalike mtoto mmoja wa mjini Jumamosi moja, ampe majina ya miti yake yote, hata magugu. La pili: kila mtoto mwenye daftari la kuchorea Pokémon aandike upande wa pili wa ukurasa kiumbe mmoja wa kweli wa visiwa hivi, jina lake, anapokaa, anachokula, na nani anayemdhuru. Akifikisha 50, nitamwita mbele ya waamini kwa jina lake. La tatu: makatekista wetu, mnapofundisha uumbaji, msiishie kusema kwamba Mungu aliumba mimea. Toka nje na watoto, kisha uitaje.

Watungaji wa Tropius, pengine bila kujua, wametupa fundisho moja zuri: kiumbe aliyekula matunda kwa wingi mpaka naye akaanza kuzaa, na asiyewanyima watoto kile alichozaa. Sisi tuliokula matunda ya wazee wetu, ya mashamba yao na ya lugha yao, tumezaa nini shingoni petu ambacho mtoto anaweza kukifikia? Asiye na la kumpa mtoto, angalau asimnyang'anye kadi yake kwa uongo.

Mungu Mwenyezi, aliyempa kila kiumbe mahali pake, awabariki ninyi na nyumba zenu. Nawatakia Dominika njema.